Kikombe Dirishani kwa Nungunungu

Mpendwa mdogo wangu Mkaa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe pamoja na wifi yangu na huyo mtoto wenu ambaye shangazi yake namjua kwa picha tu. Natumaini kile kikohozi chako cha msimu wa baridi kimepoa, na kwamba siku hizi unakumbuka kula kabla ya kushika rangi. Sisi huku hatujambo. Shemeji yako bado anatoka alfajiri kwenda kuoka mikate ya watu na kurudi akinukia hamira. Wapwa zako wanakua kwa fujo. Mkubwa ameng'oka meno ya mbele na bado anawashinda kuongea wenye meno yote. Mdogo amejifunza kusema hapana, basi ndilo jibu la kila kitu, hata ukimuuliza kama ana njaa huku anatafuna.

Baba naye yupo. Najua hapo ungependa niruke, lakini barua hii haiwezi kutembea bila yeye, kwa hiyo vumilia. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu nikimtaja tu unapata kazi ya ghafla, na mtandao wa huko kwenu unakatika kwa adabu ya ajabu. Barua haikatiki. Ukiikunja na kuitia mfukoni, itakusubiri humo humo.

Na mambo ya mifukoni unajua ndiyo kazi yangu. Bado niko pale pale kwa dobi, kwenye meza ya kupokelea nguo. Nageuza kola, natazama makwapa, natia vidole mifukoni, nainua suruali kwenye mwanga wa mlangoni. Mteja ananiambia shati ni safi, linahitaji pasi tu, mimi namwitikia huku naendelea kutafuta. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nimekiona kwa macho yangu: risiti za mahali ambapo mtu hakutakiwa kwenda, nywele ambazo si za mkewe, pete iliyovuliwa. Kwa kazi hiyo nimekuwa mtu wa kushuku. Shemeji yako anasema hata nikipewa ua nitaligeuza nione upande wa nyuma. Nakutajia haya ili usije ukashangaa nilivyoitazama filamu yako.

Uliponipigia kuniambia kwamba ile katuni ya nungunungu imetoka na kwamba wewe ndiye uliyechora vyumba vyote, nilifurahi mpaka nikamkumbatia mteja. Nilikuuliza umechora nini hasa, kwa kuwa nungunungu wenyewe walichorwa na wengine. Ukasema umechora vya nyuma: kuta, madirisha, makabati, vyombo. Nikakuuliza nani atatazama vyombo wakati nungunungu anaimba. Ukacheka kidogo, kisha ukasema atakayeona ataona. Hilo neno lako lilinikaa kama uzi kwenye jino.

Tuliitazama sote sebuleni siku ile ile. Nikiri kwamba ni filamu nzuri. Familia ya nungunungu inahamia kwenye jengo la ghorofa lililojaa wanyama wenye manyoya laini, na kila Babu Nungunungu akishtuka miiba inamsimama na kutoboa kitu: mto wa kochi, puto la jirani, keki ya harusi. Watoto walicheka mpaka mdogo akalowa. Shemeji yako alicheka. Baba, akiwa kwenye kiti chake cha dirishani, alicheka pia. Mimi nilicheka mpaka pale Mama Nungunungu alipowaita watoto kula, na nyuma yake nikaona dirisha lenye pazia fupi, na kwenye kizingiti cha dirisha kikombe cha bati cha buluu, rangi imebanduka mdomoni. Kikombe kimepinduliwa, mdomo chini.

Mdogo wangu, niliacha kucheka. Mwanangu mkubwa aliniuliza mbona nimenyamaza.

Acha nikukumbushe, ingawa sidhani kwamba umesahau. Nataka tu uone ninavyokumbuka mimi, maana tumekua kila mmoja na kumbukumbu zake kama watu waliolelewa nyumba mbili. Dirisha letu lilitazama uchochoro. Kushoto kwake lilikuwa jiko, kulia mlango, na karibu na mlango kiti cha Baba. Kila siku Baba aliporudi na ule uso wake, Mama alikuwa anasimama jikoni, ananyoosha mkono kimya kimya na kukipindua kile kikombe dirishani. Tukitoka shule tunakiona tukiwa bado kwenye kona. Kikiwa wima tunaingia. Kikiwa kimepinduliwa tunapita mlango wetu kama si wetu, tunakwenda kwa jirani yetu Mama Cherehani, tunakaa chini ya meza yake kati ya vipande vya vitambaa mpaka kikombe kisimame. Mama alituambia maana yake mara moja tu, akitufunga viatu, na hakurudia tena. Mkanda wa Baba ulining'inia nyuma ya mlango. Siku ambazo kikombe kilichelewa kupinduliwa, tuliujua mkanda huo vizuri, wewe kuliko mimi. Hata zile wiki ambazo Mama alilazwa hospitali, kikombe kiliendelea na kazi yake, na sisi tukaendelea kukitii. Mtoto hamhoji anayemwokoa.

Basi kuanzia siku ile niliitazama filamu yako kama ninavyotazama kola nyeupe. Watoto walidhani nimeipenda kuliko wao. Nikagundua kwamba Babu Nungunungu akiwa ndani, kikombe kimepinduliwa. Akitoka kwenda kutembea, kikombe wima. Hakuna mhusika hata mmoja anayekigusa, hakuna anayekitaja. Kimekaa tu huko nyuma. Nikaona pia kwamba kikiwa kimepinduliwa, mara mkono wake wa kushikia unaelekea jiko, mara unaelekea mlango, nikasema moyoni kwamba hapo msanii wetu alikuwa na usingizi. Mkono wa kikombe cha Mama sikuzote ulielekea jiko.

Kwanza nilikasirika. Nilidhani umetuanika. Niliona kama umechukua nguo yetu ya ndani ukaining'iniza mbele ya dunia nzima, watu wanakula bisi huku wanaitazama. Nikaanza kuchunguza kama kuna mwingine aliyeona.

Nilianza na Mama Pasi, yule mama mwenye kifua kikubwa na huruma kubwa zaidi, anayepiga pasi nyuma yangu. Ameitazama na wajukuu zake mpaka nyimbo zimemganda kichwani, anaziimba akikunja mashuka. Nikamuuliza kwa mzunguko kama aliona chochote cha ajabu dirishani. Akafikiri sana, pasi ikatoa moshi, akasema aliona kwamba Mama Nungunungu hafui mapazia. Akaongeza kuwa kwa familia yenye miiba, yale mapazia mbona hayana matobo. Nikaridhika kwamba huyu hajui kitu.

Nikaenda kwa Mjuaji. Huyu ni dereva wetu wa kupeleka nguo kwa wateja, na kwa imani yake hakuna katuni isiyokuwa na ujumbe wa siri wa kuharibu watoto. Alifurahi sana kuulizwa, nadhani ni mara ya kwanza. Akaniketisha kwenye marobota ya mashuka, akaisimamisha filamu kwenye simu yake kila baada ya pumzi mbili, akanionyesha wingu ambalo kwake ni kichwa chenye pembe, sakafu yenye vigae vinavyohesabu siku ya mwisho, na mkia wa kindi ulioandika neno ambalo hakutaka kulitamka mbele ya mwanamke. Kila alipoisimamisha, kikombe kilikuwa pale pale, nyuma ya kidole chake. Mwishowe nikamwonyesha mwenyewe. Akakitazama, akanitazama kwa masikitiko, akasema dada, hicho ni kikombe. Akanionya nisiwe mtu wa kuona vitu visivyokuwepo.

Nilicheka njia nzima kurudi nyumbani. Lakini nilipofika mlangoni kicheko kilinikauka. Nilijiambia kwamba kama anayetazama kawaida haoni, na anayewinda siri haoni, basi hukuwaandikia hao. Umemwandikia mtu mmoja ambaye angeona. Na huyo mtu ndiye anayeishi na Babu Nungunungu.

Sasa nisome vizuri hapa. Unajua Baba alivyo siku hizi. Tangu mguu wake ukatae kumbeba na mimi nikamchukua, amekuwa mpole kama maji ya mtungi. Anamenya machungwa ya watoto kwa ule mkono wake wa mashoto, ganda linatoka refu bila kukatika, wanalivaa shingoni. Hajawahi kuwainulia sauti. Ulipokataa kuja, nilikuona una roho ngumu. Lakini baada ya kikombe nilianza kujiuliza unajua nini ambacho mimi sikijui. Kila mtu anampenda yule Babu Nungunungu, na nyuma yake kikombe kinasema usidanganyike. Nikahisi unaniambia niwatoe wanangu.

Nilikupigia, hukupokea. Nikakuandikia kwenye simu nikuulize kuhusu kikombe, ukanijibu kwa kile kidole gumba cha kusema sawa. Kidole gumba, mdogo wangu! Mtu anauliza kama nyumba inaungua, unamwonyesha kidole.

Nikaanza kumpeleleza baba yangu mzazi. Naona aibu kuyaandika lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nawaogesha watoto nikitafuta alama migongoni mwao, kama ninavyotafuta madoa. Niliwauliza maswali ya kuzunguka mpaka mkubwa akanishauri niulize moja kwa moja kwa sababu ninamchosha. Nilihamisha kitanda cha wasichana kikatoka karibu na chumba cha Baba. Mkanda wake niliutoa kwenye suruali nikasema umekatika, nikamnunulia suruali ya mpira kiunoni. Nilimwona akiugusa ule mpira kwa vidole, akanitazama, akatazama pembeni.

Kisha ikafika siku ambayo mashine kubwa iliharibika kazini, tukaruhusiwa mapema. Nikaingia nyumbani taratibu, kusema kweli nilinyata. Kimya. Baba yuko kwenye kiti chake, mgongo kwangu, fimbo mkononi. Nikainama, nikamwona mwanangu mdogo chini ya meza, magoti kifuani, kidole mdomoni ananiashiria ninyamaze.

Nilimvuta kwa nguvu mpaka akalia. Baba alishtuka, akasema walikuwa wanacheza kujificha, na kwamba yeye alikuwa amefumba macho anahesabu. Mtoto naye alisema hivyo hivyo katikati ya kilio, amekasirika kwa sababu nimemharibia alipojificha. Mimi sikumsikia yeyote. Nilikuwa nimenusa tena vile vitambaa vya Mama Cherehani. Siku hiyo hiyo nikampigia shangazi, nikamwomba amchukue Baba. Shangazi alilalamika kwamba nyumba yake ina ngazi, kisha akakubali, aje kumchukua Jumapili. Nikamwambia Baba kwamba shangazi amemkumbuka. Akasema haya. Alikunja nguo zake mwenyewe, vizuri kuliko wafanyakazi wetu, akaliweka begi karibu na mlango. Ni hapo ndipo nilipomhurumia, na huruma hiyo nayo niliishuku.

Jumamosi mchana watoto walitaka kuitazama nungunungu na babu yao kwa mara ya mwisho, wakamshawishi aketi nao chini, kwenye mkeka, mbele kabisa. Hapo lazima nikueleze kitu ambacho hata mimi sikuwa nimekiwazia. Macho ya Baba yamekwisha. Moto wa kuchomelea vyuma umeyala miaka yote ile. Kutoka kwenye kiti chake cha dirishani alikuwa haoni ila rangi zinazotembea, na alikuwa anacheka watoto wakicheka, kwa kuwafuata tu. Siku hiyo ndiyo kwanza aliiona.

Mimi nilikuwa jikoni nasuuza vyombo. Nikasikia anamwambia mkubwa asimamishe. Nikachungulia. Alikuwa ameshikilia fimbo, amejiinua kwa shida, uso wake karibu kugusa kioo cha televisheni, kidole chake cha mkono wa kushoto kimewekwa juu ya kikombe. Mtoto alikuwa anamweleza kwamba Babu Nungunungu yuko upande wa pili, huko hakuna kitu. Baba hakumsikiliza. Akaniita jina langu la utotoni, ambalo hajaniita tangu Mama azikwe, akaniuliza nani kachora hapa.

Mkaa, sikuwa nimemwambia kamwe kwamba unachora filamu. Uliniomba nisimweleze maisha yako, na nimeliheshimu hilo. Nikanyamaza. Akasema basi, usiseme, mkono wa mtoto wangu naujua, amechora ukuta wangu wote kwa mkaa nikampiga. Akaketi. Nikawatuma watoto nje wakacheze.

Sasa ninaandika alivyosema kama alivyosema, bila kumsafishia. Alisema alijua kuhusu kikombe. Mwanzoni alidhani kinakaushwa. Kisha akaona kinapinduliwa siku ambazo hakikuoshwa, na siku hizo watoto hawaingii. Alipoelewa alipandwa na hasira, kwamba mke wake amesimamisha bendera dhidi yake ndani ya nyumba yake. Hakumwambia Mama. Alisema alikuwa anasubiri siku ya kukitupa.

Siku hiyo ilifika Mama akiwa amelazwa. Alikuwa amegombana kazini, akafukuzwa getini mbele ya wanafunzi wake wa ufundi, akarudi nyumbani damu inachemka, akaketi. Kikombe kipo dirishani, wima, hakuna wa kukigeuza. Akanyoosha mkono kutoka kwenye kiti akakichukua akitupe uchochoroni. Wakati huo huo akatusikia sisi kwenye kona, tunakuja, tunacheka. Alisema hajui tulikuwa tunacheka nini lakini anakumbuka kwamba ni wewe uliyekuwa unacheka zaidi. Alijua tukiingia atafanya nini. Akasema alilijua hilo kama mtu anavyojua kwamba anataka kutapika. Basi badala ya kukitupa akakiweka dirishani, mdomo chini. Kicheko kikakatika. Akasikia viatu vyetu vinapita mbele ya mlango, vinakwenda.

Aliniambia kwamba tangu siku hiyo alikuwa anakipindua mwenyewe, siku alizoweza kuwahi. Hata Mama aliporudi. Mama alikuwa anakikuta kimeshapinduliwa, anamtazama, anaendelea kupika. Hawakulizungumza hata mara moja mpaka Mama akafa. Nikamuuliza, nikiwa na hasira ambayo sikujua inatoka wapi, kwamba kama aliweza kufanya hivyo mbona hakuacha kutupiga. Akasema kikombe aliweza kukigeuza, yeye mwenyewe hakuweza. Hakuniomba msamaha, na hakuniomba nikuombee kwako. Aliuliza tu kama begi limefungwa vizuri.

Unanijua. Sikumwamini. Mzee anayefukuzwa anaweza kushona hadithi nzuri ndani ya mchana mmoja, na machozi si sabuni. Nikamwambia kwamba mtu yeyote anaweza kusema hivyo sasa, Mama hayupo wa kukanusha. Hakubishana. Akasema Mama alisimama jikoni, akitumia mkono wa kulia, kwa hiyo mkono wa kikombe ulielekea jiko. Yeye alikuwa anakiweka kutoka kwenye kiti, kwa mashoto, mkono wa kikombe ukabaki umeelekea mlango. Akaashiria kioo kwa fimbo, akasema hicho hapo ni cha kwangu.

Nilikwenda kwenye kioo. Filamu ilikuwa bado imesimama. Mkono wa kikombe ulielekea mlango.

Nikairudisha mwanzo, nikaitazama yote nimesimama, mikono bado ina povu. Mdogo wangu, hukuwa na usingizi. Kila mahali Bibi Nungunungu, mke wa yule Babu, yumo nyumbani, kikombe kilichopinduliwa kimeelekea jiko. Na kila mahali Bibi Nungunungu hayupo, amekwenda sokoni, amelazwa na homa kwa daktari bundi, kimeelekea mlango. Hakuna hata pale ulipokosea.

Kwa hiyo nakuuliza, na hili ndilo lililonifanya nitafute karatasi. Je, ulijua? Ulijua tangu utoto kwamba kuna vikombe vya Mama na vikombe vya Baba, ukaniacha mimi nisijue? Au macho yako yaliona mkono wa kikombe ukiwa mtoto wa kukimbia uchochoroni, yakauhifadhi, na miaka yote hii ukachora kitu ambacho hata wewe mwenyewe hujakisoma? Kama ulijua, nakasirika kidogo, lakini nakuelewa. Kama hukujua, basi ndiyo nimekusomea, mdogo wangu. Keti kwanza.

Sikuandika ili nikuambie umsamehe. Mgongo ni wako, na uliyeumia ni wewe kuliko mimi. Mimi mwenyewe sijui kama nimesamehe. Asubuhi nasema ndiyo, jioni nikimwona akiinua fimbo kuua nzi, moyo wangu unakimbia chini ya meza. Ninachojua ni kwamba Jumapili shangazi alikuja na gari la kukodi na mimi nikamwambia arudi, nikampa mkate wa shemeji yako kwa usumbufu. Alinisema sana. Baba alilirudisha begi chumbani bila kuuliza.

Kuna jambo moja la mwisho. Siku tatu baadaye nilitoka kazini na kikombe cha bati nilichokipata kwenye duka la vyombo lililo karibu na dobi. Si cha buluu, hawana siku hizi, ni cheupe. Nikakiweka dirishani, wima. Baba alikigusa kujua ni nini, akakiacha.

Jana mguu ulimsumbua tangu alipoamka, na mvua ikaongeza. Alikuwa na ule uso. Sijauona miaka mingi lakini uso ule hausahauliki. Nilikuwa njiani narudi na watoto kutoka shule, tumefika kwenye kona, nikatazama dirisha langu. Kikombe kilikuwa kimepinduliwa, mkono umeelekea kwenye kiti chake.

Nilisimama. Miguu yangu ilitaka kupita mlango wangu mwenyewe. Nilitaka kuwashika watoto, lakini walikuwa wameshaniponyoka, wanakimbia, mkubwa anapiga kelele kwamba yeye ndiye wa kwanza kuonyesha daftari lake. Walipita chini ya kile kikombe bila hata kukitupia jicho. Waliingia. Nilipofika mlangoni nikamkuta mdogo ameketi kwenye ule mguu mzima, mkubwa anamsomea babu yake hesabu alizokosa, na Baba amefumba macho, machozi yanashuka, anaitikia kila jibu kwamba ni sahihi.

Hawajui maana yake, Mkaa. Wameitazama filamu yako mpaka wanaijua kwa moyo, wameishi na kikombe chenyewe dirishani, na hawaoni kitu. Mimi nilikuuliza siku ile nani atatazama vya nyuma. Wanangu hawavitazami, na nilisimama pale mlangoni nikashukuru.

Nakuomba unijibu, hata kwa kidole gumba, nitakipokea. Nisalimie wifi, mbusu mtoto kwa niaba ya shangazi yake, na umwambie kwamba wapwa zako wanauliza kama ana meno. Shemeji yako anakusalimu na anasema ataoka mkate siku utakayosema unakuja. Baba hajatuma salamu, anasema hajui kama zitapokelewa. Nimeziandika hapa mimi, uamue mwenyewe.

Kikombe nimekisimamisha tena. Ukifika kwenye kona ukakikuta vinginevyo, usipite kwa jirani. Nisubiri hapo hapo, nitatoka tuingie pamoja.

Wako daima,
Dada yako wa dobi